Tumeundiwa kamati ya kuchunguza mkopo hewa, na mwenyekiti wa bodi yumo. Hii ni kamati ya aina gani?

Mlipa Hisa

Wakuu, habari za jioni. Wenye uzoefu wa vikao naomba msinipite bila kusema neno.

Mimi ni mwanachama wa kawaida wa SACCOS ya kazini (chama chetu cha akiba na mikopo), mwaka wa saba huu nakatwa kwenye mshahara. Mwezi uliopita kwenye mkutano mkuu, mama mmoja wa idara ya usafi alisimama na kaunta buku yake mkononi. Akasoma polepole, tarehe kwa tarehe: miezi mitatu anakatwa marejesho ya mkopo wa 4,500,000, na hajawahi kujaza fomu ya mkopo tangu ajiunge. Ukumbi ulinyamaza mpaka tukasikia feni. Mwenyekiti wa bodi akasema, "Tumelipokea, tutaunda kamati." Watu wakapiga makofi, tukaenda kula pilau.

Jana nimekuta karatasi kwenye ubao wa matangazo. Kamati ina watu watano: mwenyekiti wa bodi mwenyewe, mhazini, meneja, mjumbe mmoja wa kamati ya mikopo, na mwanachama mmoja "atakayeteuliwa". Kazi yao ni "kushughulikia malalamiko yaliyojitokeza". Imeishia hapo. Tarehe hakuna.

Tayari tuna kamati ya mikopo na kamati ya usimamizi. Sasa hii ya tatu ni ya nini? Na hizi kamati kwa ujumla zinatofautianaje? Nikiuliza ofisini naambiwa nina ajenda ya siri.

Chapati Mbili

Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

Katibu Mstaafu

Mlipa Hisa, nimeandika mihtasari miaka ishirini na ushee, kwanza halmashauri, kisha bodi ya shule, na sasa msikitini kwetu. Kidole cha kati kina sugu ya kalamu hadi leo. Nitakujibu kwa nilichokiona mezani.

Usihangaike sana na jina la kamati, majina yanadanganya. Ikiletwa kamati yoyote mbele yangu nauliza mambo mawili: inamjibu nani, na inakufa lini.

Nianze na kufa. Kuna kamati zisizokufa, ndizo za kudumu. Halmashauri ya wilaya ina Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Diwani akiangushwa kwenye uchaguzi anaondoka, kiti kinabaki, kamati inabaki, hata faili la bluu linabaki. Shuka mpaka kijijini: halmashauri ya kijiji ina kamati ya fedha, uchumi na mipango, ina ya huduma za jamii, ina ya ulinzi na usalama. Hizi zina ratiba. Zinakaa kuwe na jambo kusiwe na jambo. Ukitaka kuzitambua tazama ajenda. Kuna kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, halafu *yatokanayo*, yaani mambo ya kikao kilichopita yanayofuatiliwa. Hapo kwenye yatokanayo ndipo uhai wake ulipo. Nilishika faili moja ambalo choo cha soko kilikaa kwenye yatokanayo kuanzia mwenyekiti wa kwanza mpaka wa tatu. Kiliudhi, lakini hakikusahauliwa, na mwishowe kilijengwa.

Halafu kuna kamati za muda. Hizi huzaliwa na jambo moja na zinatakiwa zife nalo. Mfano mnaoukumbuka wote ni sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule ya wabunge watano, watano kama ya kwenu, mwenyekiti Dk. Harrison Mwakyembe, wachunguze zabuni ya umeme wa dharura. Walipewa hadidu za rejea, yaani maandishi ya kazi yao na mipaka yake. Wakahoji watu, wakaandika, Februari 2008 wakaweka taarifa mezani, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kamati ikawa imemaliza kazi. Sasa angalia hao watano walikuwa akina nani: hakuna waziri, hakuna aliyekaa kwenye meza ya ile zabuni. Waliwajibika kwa Bunge lililowatuma.

Nije kwenye kumjibu nani. Ndani ya chama chenu kamati ya mikopo ni kamati ya kazi. Inapokea fomu, inaangalia akiba na wadhamini, inakubali au inakataa. Ni sehemu ya mashine. Kamati ya usimamizi ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo wanachama wengi wa SACCOS wanapotea kwa sababu ya hilo neno "usimamizi", wanadhani ni wasaidizi wa meneja. Ile mliichagua nyinyi kwenye mkutano mkuu. Haiko chini ya bodi. Iko ubavuni, inaitazama bodi, na taarifa yake inaileta kwenu wanachama.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya ubaoni. Imeundwa na bodi, inaijibu bodi, wajumbe wake ndio walioidhinisha na kulipa huo mkopo, haina hadidu za rejea na haina siku ya kufa. Hiyo si kamati teule hata ikiitwa hivyo. Ni bodi imevaa koti jingine.

Ninyi kamati ya kuchunguza mnayo tayari. Mmeifuata?

Ngosha Mpole

Katibu umenena, ila naomba nikupinge kidogo. Umefanya ionekane kama kamati za kudumu kazi yake ni kuzungushia choo cha soko, na meno zinayo za muda tu. Mbona sakata la fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta mwaka 2014 halikuundiwa kamati teule? Iliyosimama pale ilikuwa PAC, Kamati ya Kudumu ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti Zitto Kabwe, na taarifa ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mkononi. Mwisho wa mwaka Mwanasheria Mkuu, Jaji Werema, alikuwa nje ya ofisi. Kamati ya kudumu ile.

Na PAC ina siri nyingine: kwa kanuni, mwenyekiti wake hutoka upinzani. Maana yake waliobuni ule utaratibu walijua kwamba anayekagua matumizi asiwe ndugu wa anayetumia. Hilo ndilo jibu la Mlipa Hisa, kabla hata hujafika kwenye kudumu na muda.

Halafu kuna kamati ambayo wengi hatuihesabu. Wakati wa bajeti Bunge zima linageuka kuwa kamati, Kamati ya Matumizi. Watu ni wale wale, ukumbi ule ule, lakini ghafla unasikia wanasema "Mheshimiwa Mwenyekiti" badala ya "Mheshimiwa Spika". Pale ndipo mbunge anaposimama na kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo. Kanuni za mjadala zinalegea kidogo ili kifungu kwa kifungu kiguswe. Nilipoelewa hilo niliacha kubadilisha chaneli.

Katibu Mstaafu

Ngosha, nakubali. Nilibanwa na choo.

Kijiwe Nongwa

Nyinyi wote mnapamba tu. Kamati bongo ni posho, nukta. Ukitaka jambo life liundie kamati, ukitaka lizikwe kabisa iundie na kamati ndogo. Ofisini kwetu iliundwa kamati ya kupunguza gharama za vikao. Ilikaa vikao sita, chai na sambusa, mapendekezo yakatoka: iundwe kamati ya kufuatilia utekelezaji wa mapendekezo. Hii si stori ya kijiweni, nilikuwa naagiza sambusa mimi mwenyewe.

Chapati Mbili

Sambusa za nyama au za viazi?

Kijiwe Nongwa

Za nyama. Gharama zilikuwa bado hazijapunguzwa.

Fundi Sururu

Nongwa, nakuelewa, ila mimi niko upande wa wanaoamini kamati, na nitakwambia kwa nini.

Wanaojua ujenzi wa shule kwa fosi akaunti (wenyewe wananunua vifaa na kuajiri mafundi, bila mkandarasi) wanajua kwamba kijiji kinaundiwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mwanzoni niliona ni uzungu mwingi, madarasa mawili yanahitaji kamati tatu za nini? Nikaelewa usiku mmoja.

Nilikuwa fundi mkuu kwenye mradi wa shule moja, sitaitaja. Lori la saruji liliingia saa tatu usiku. Karatasi ya mzigo inasema mifuko 300. Wajumbe wa manunuzi walishaongozana na lori kutoka dukani, wamechoka, wanataka isainiwe walale. Kwenye kamati ya mapokezi kulikuwa na mama mmoja nesi mstaafu, mfupi, ana khanga mbili na tochi ya simu. Akasema hasaini mpaka ahesabu. Dereva akacheka. Mama akaokota kipande cha mkaa, akasimama mlangoni mwa stoo, na kila mfuko ukipita anachora mstari ukutani. Mistari minne, wa tano anaulaza juu yake. Vijana wanashusha, yeye anachora. Mwisho akahesabu mafungu, akarudia tena kuhesabu. 283.

Mjumbe wa manunuzi akamwambia, "Mama, hiyo tofauti tutaimaliza kesho, we saini tu." Mama akaandika 283 kwa tarakimu na kwa maneno, akasaini, akakunja nakala yake akaifunga kwenye pindo la khanga. Dereva akaenda pembeni kupiga simu. Asubuhi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ikaja na mifuko 17.

Sasa fikiria kama aliyenunua ndiye angekuwa anapokea. Hiyo mistari ya mkaa ilibaki pale ukutani mpaka tulipopiga rangi, na mimi niliiacha mpaka ukuta wa mwisho kabisa makusudi.

Mkaa Pembeni

Kwenye mpira mgawanyo huu uko wazi zaidi kuliko kwenye SACCOS zetu. TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kuna Kamati ya Nidhamu, kuna ya Maadili, kuna ya Rufaa. Ile ya kwanza ikikufungia, unaenda ya rufaa na unakuta sura nyingine. Ligi nayo ina ile tunayoiita Kamati ya Saa 72, inapitia matukio ya mechi kabla hayajapoa. Na sakata la mchezaji Feisal Salum na klabu yake ya Yanga, Januari 2023, lilienda kwa Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga kwa mkataba. Uipende au uichukie, Yanga hawakukaa wao wenyewe kuamua kesi yao.

Tusisahau ile kamati isiyo na muhtasari, kamati ya ufundi. 😂 Wanaojua wanajua. Hiyo inamjibu mganga, na inakufa timu ikifungwa.

Ngosha Mpole

Hiyo ina bajeti kuliko zote na haijawahi kukaguliwa.

Bahari Kuu

Salamu kutoka Mombasa. Nawasoma tangu asubuhi.

Huku kwetu mambo ni yayo kwa yayo. Sacco zetu pia zina bodi na kamati ya usimamizi, na wanachama wengi hawajui tofauti, wanaijua tu siku ya mgao wa faida. Shule za msingi zamani zilikuwa na kamati ya shule, lakini tangu sheria ya elimu ya 2013 twasema bodi ya usimamizi. Wazazi wengi bado wasema "kamati", na wengine ndio walewale wajumbe wa zamani, na kiti ni kilekile cha plastiki.

Lakini kamati ya muda iliyo hai kweli huku Kenya ni ya mazishi. Sisi Waislamu wa pwani twazika siku hiyo hiyo, kamati haipati hata nafasi ya kuzaliwa. Jirani zangu wa bara ndio wana kazi: kila jioni wakutana, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, bili ya hospitali, gari la kupeleka mwili nyumbani, na harambee juu. Niliwahi kualikwa, nikashangaa. Siku tano tu lakini kila shilingi yasomwa kwa sauti mbele ya watu, jina na kiasi. Sacco yangu ina kompyuta na haijawahi kunisomea hivyo.

Suali kwa Katibu: kamati ya ushauri nayo ni nini hasa? Kazini kwangu niko ndani ya moja na sijui nafanya nini.

Katibu Mstaafu

Bahari Kuu, hiyo haina mamlaka ya kuamua. Mnasema, wenye mamlaka wanasikia, au hawasikii. Si kamati mbaya, mradi nyote mjue hivyo tangu mwanzo. Ugomvi unakuja pale mjumbe wa ushauri anapodhani amepitisha kitu. Angalia barua yako ya uteuzi. Ikiandikwa "kupendekeza", basi unapendekeza. Ikiandikwa "kuidhinisha", saini yako inaweza kukupeleka mahakamani.

Kinyume chake ni kamati ya utendaji, ile ya watu wachache inayoamua kati ya kikao na kikao cha bodi kwa sababu bodi haiwezi kukaa kila wiki. Hiyo ndiyo ya kuchunga kuliko zote. Huanza na mambo ya dharura, baada ya mwaka kila kitu ni dharura na bodi inaletewa ya kubariki tu.

Mama Mapambo

Nimecheka sana na kamati ya ufundi. Ila jamani mnazunguka dunia nzima na hamjaitaja kamati iliyo bora kuliko zote Tanzania. KAMATI YA HARUSI.

Mimi nimo kwenye biashara ya mapambo, kwa mwaka naingia vikao vya harusi kuliko mbunge. Mwenyekiti, mara nyingi, anachaguliwa kwa sababu ya uzito wa mfuko wake, tusidanganyane. Lakini katibu na mhazini wanachaguliwa kwa kazi. Chini yao kamati ndogo: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, usafiri. Kila moja inapewa bajeti yake na inarudi kuripoti kikao kijacho. Wa vinywaji hagusi hela ya chakula. Na mhazini kila Jumapili jioni anatupia kwenye grupu orodha ya ahadi: aliyeahidi laki mbili na ametoa hamsini anaonekana na bosi wake, shemeji yake na mchungaji. Hakuna mkaguzi mkali kama huyo.

Na kubwa kuliko yote, kamati ya harusi inajua kufa. Baada ya shughuli kuna kikao cha KUVUNJA KAMATI. Mhazini anasoma mapato na matumizi, chenji iliyobaki inapangiwa, ndipo mbuzi anakatwa. Mhazini asiposoma hakuna anayegusa nyama. Niliona mara moja mhazini kaja bila daftari, anasema taarifa ipo kichwani. Wazee wakamwambia sawa, na mbuzi yupo zizini. Akarudi nyumbani kulichukua, kilomita nane, na bodaboda, mvua inanyesha.

Kijiwe Nongwa

Kwa hili la mbuzi nimesalimu amri.

Mlipa Hisa

Wakuu, MREJESHO. Samahani nimekaa kimya wiki tatu.

Nilifanya alivyosema Katibu. Mimi na yule mama tulikwenda kwa kamati ya usimamizi. Ni watu watatu: mzee mmoja wa uhasibu anayekaribia kustaafu, dereva, na dada wa maabara. Nitakuwa mkweli, nusu hata wao walikuwa hawajui kama wana mamlaka. Mzee akafungua katiba ya chama, akasoma kifungu chao mara mbili, akavua miwani. Akasema, "Kumbe tunaweza kuomba faili."

Wakaandika barua kwa meneja kuomba faili la mkopo. Siku ya kwanza meneja aliwaambia lina kamati yake. Mzee akamjibu kwamba hata ile kamati itaandikiwa barua. Siku ya tatu faili likatoka.

Fomu ina saini ya kukoroga. Yule mama hasaini hivyo, anaandika jina lake kwa herufi kubwa, moja moja, kwenye daftari la mahudhurio iko hivyo miaka yote. Wadhamini ni wawili. Mmoja alihamishiwa mkoa mwingine miezi minne kabla ya tarehe iliyo kwenye fomu. Dada wa maabara ndiye aliyelikumbuka hilo, maana walimchangia kuagana.

Makato ya mama yamesimamishwa kwanza. Kamati ya usimamizi imeandika taarifa na imeomba mkutano mkuu maalumu, barua imepokelewa na kugongwa muhuri.

Ile kamati ya watu watano? Haijakaa hata siku moja. Yule wa tano "atakayeteuliwa" hajateuliwa mpaka leo, na wanne waliobaki kila mmoja anasema anasubiri akidi, idadi ya wajumbe inayotosha kukaa kikao.

Mama Mapambo

Sasa hiyo mtaivunja vipi? Mbuzi wa nini?

Katibu Mstaafu

Mlipa Hisa, hongereni. Jambo moja dogo: hiyo fomu na lile daftari la mahudhurio, mmepiga picha? Mafaili huwa yanasafiri kabla ya mikutano maalumu.

Mlipa Hisa

Tumepiga, Katibu. Kurasa zote, mbele na nyuma. Na mama kazinakili kwa mkono kwenye kaunta buku yake, anasema simu huwa zinaibiwa.